Scania Ndani ya Boksi

Ukifungua boksi la Scania R620 la kampuni ya Tamiya, hukuti lori. Unakuta pau mbili ndefu za alumini zilizotobolewa matundu mwanzo hadi mwisho, vifuko vya skrubu vilivyopewa herufi, majani ya springi za chuma, gia za difu ambazo hazijakutana, matairi ya mpira yasiyo na ringi, na kebini ya plastiki isiyopakwa rangi hata tone. Mota ya umeme imo. Rimoti haimo, betri haimo, rangi haimo. Kimo kitabu cha maelekezo chenye michoro mingi kuliko maneno, na juu ya kifuniko ipo picha ya lori lililokamilika, ambayo kwa jioni kadhaa za mwanzo huonekana kama uongo mtupu.

Kipimo chake ni 1/14: kila mita 14 za barabarani zinakuwa mita 1 mezani. Likimalizika, kichwa peke yake kinakaribia urefu wa nusu mita. Kina ekseli tatu, mbili za nyuma zikisukuma, na giaboksi ya gia tatu zinazobadilishwa kwa rimoti. Wapo watakaocheka kwamba mtu mzima, mwenye familia na kodi ya nyumba, anatoa mamia ya dola kununua lori asiloweza kulipakia hata debe la mahindi. Wacheke tu. Wengi wao Jumamosi wako uwanjani wakiwapigia kelele vijana 22 wanaokimbiza mpira.

Lakini msomaji wa Kibaha au wa Changamwe asiwe mwepesi wa kushangaa. Malori mengi tunayopishana nayo yaliingia pwani hii yakiwa hivyohivyo, ndani ya makasha. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha TAMCO pale Kibaha kilikuwa kinaunga Scania kutokana na vipande vilivyoshushwa bandarini. Mombasa, kiwanda cha AVA kimeishi kwa kazi ya namna hiyo, na Thika kuna kiwanda ambacho zamani kiliitwa Leyland Kenya. Wako wazee mitaani mwetu ambao ujana wao uliishia kwenye kufungua kreti, kuhesabu boliti na kusoma michoro ya Wasweden na Waingereza. Kwao tofauti ya boksi la Tamiya na kasha la Scania ni ukubwa wa spana.

Na hata baada ya kuungwa kiwandani, lori bado halijawa lori. Gari dogo hutoka dukani likiwa kamili mpaka kijaluba cha majivu. Lori hutoka likiwa kichwa na chasisi tupu, mgongo wazi. Mnunuzi ndiye anayeamua nyuma paweje: bodi ya mbao ya kubebea viazi, tipa ya mchanga, tangi la mafuta, au sahani ya kuvutia tela. Analipeleka kwa fundi wa bodi, anainua kingo, anaongeza bampa la chuma la kukabiliana na ng'ombe wa usiku, anachagua rangi, anaandika jina. Ipite miaka mitatu, na malori mawili yaliyotoka kiwandani siku moja hayafanani hata kwa mbali. Ndiyo maana nasema modeli ya lori iliyojengwa kama boksi linavyoagiza, bila kuongeza wala kupunguza, ni modeli ya lori ambalo halijaanza kazi. Anayeibadilisha ndiye anayekaribia ukweli.

Hapo ndipo wajenzi wa malori wanapoachana na ndugu zao wa ndege na manowari. Wale wa ndege za kivita hugombana kuhusu rangi: kikosi fulani, mwaka fulani, kijani kilikuwa kimekolea kiasi gani. Jibu liko kwenye nyaraka na picha za zamani. Mjenzi wa lori ana maswali mengine kabisa. Lori hili ni la nani? Linabeba nini? Dereva ni wa aina gani, anayeosha kila Jumapili au anayengoja mvua? Hakuna nyaraka itakayomjibu. Atajijibu mwenyewe kwa kisu na msasa.

Ruhusa ya kujijibu hivyo ilitolewa Marekani. AMT, kampuni iliyoanza mwaka 1948 katika eneo la Detroit, hapo mwanzo iliwatengenezea wauza magari vigari vidogo vya kuwaonyesha wateja umbo la gari jipya. Mwaka 1958 ikaja na maboksi ambayo ndani yake gari moja liliweza kujengwa kwa njia tatu: kama lilivyotoka kiwandani, la mashindano, au la mtindo wa mwenyewe. Hesabu yake ya kibiashara ilikuwa rahisi, ila matokeo yake yalikwenda mbali. Ukichagua njia moja, vipande vya zile mbili vinabaki. Mvulana wa Ohio mwenye maboksi sita alijikuta na kopo zima la bampa, ringi na vioo visivyo na gari, na kopo lile likaanza kumpa mawazo. Mpaka leo, mjenzi wa modeli ukimnyang'anya kopo lake la mabaki umemnyang'anya nusu ya kazi.

Malori yalipata zamu yao katika miaka ya 1970. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulileta kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, na madereva wa Marekani wakaanza kupeana habari za askari wa barabarani kwa redio za CB. Dereva wa lori akageuka shujaa wa watu. Mwaka 1975 C. W. McCall alitoa wimbo wake Convoy, uliopanda hadi kileleni mwa chati, na mwaka 1978 Sam Peckinpah akautengenezea filamu. Kwenye televisheni, kati ya 1974 na 1976, kulikuwa na tamthilia ya Movin' On, ya madereva wawili na Kenworth yao, na AMT ikaiuza Kenworth hiyo ndani ya boksi, kwa kipimo cha 1/25, pamoja na Peterbilt 359 na matela ya kila namna. Vijana walioyajenga sasa ni wastaafu wenye muda na pensheni, na kampuni ya Round 2, inayomiliki jina la AMT siku hizi, inawauzia tena maboksi yaleyale yenye picha zilezile.

Kujenga maboksi hayo ya zamani kuna fitina zake. Lori la Kimarekani ni kromu: matangi, bampa, mabomba ya moshi yaliyosimama nyuma ya kebini, pembe za hewa juu ya paa. Kiwandani vipande hivyo hupakwa chuma chembamba kwa njia ya mvuke, vikang'aa kuliko kromu ya kweli. Tatizo ni kwamba kila kipande kimeshikana na fremu yake kwa kikonyo, na ukikata kikonyo kinaacha kovu la plastiki katikati ya kioo. Isitoshe, gundi haikamati juu ya kromu. Dawa wanayoijua wajenzi wote haiuzwi kwenye duka la modeli. Ni Jik, ileile ya kufulia mashuka. Unavitumbukiza vipande, unafunika, unaenda zako, na ukirudi kromu yote imeyeyukia majini. Baada ya hapo unaondoa makovu kwa msasa, halafu unapulizia upya rangi ya fedha iliyo pole zaidi, kwa sababu tangi la mafuta lililofika Arizona halikuwa kioo cha kujitazamia.

Fitina nyingine ni ya matairi. Matairi ya maboksi ya zamani yalikuwa ya plastiki laini, na kilainisho kilichomo ndani yake hutoka polepole kikala plastiki ngumu iliyo jirani. Mtu ananunua boksi la mwaka 1974 ambalo halijawahi kufunguliwa, analipa bei ya dhahabu, analifungua kwa mikono inayotetemeka, na kukuta tairi limejichimbia kaburi kwenye paa la kebini. Wenye busara huyatenga matairi kwenye mfuko wake siku ya kwanza.

Upande wa pili wa bahari, Shizuoka ndiyo makao makuu ya Wajapani wanaojenga modeli. Mji huo ulikuwa na mafundi mbao wa sifa muda mrefu, na Tamiya yenyewe ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao ya Yoshio Tamiya. Moto uliteketeza akiba yake ya mbao mwaka 1951, na miaka michache baadaye kampuni ikaacha kupasua magogo na kubaki na modeli. Modeli za mwanzo zilikuwa za mbao. Ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, ilitoka mwaka 1960. Mwana wa Yoshio, Shunsaku Tamiya, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa na sifa ya kupima kila kitu kwa mkono wake. Walipotaka kutoa Porsche 934 mwaka 1976, alinunua Porsche 911 nzima na kuifungua vipande vipande ili aone ilivyoshikana. Ukiijua habari hiyo hutashangaa kwa nini difu ya lori la Tamiya la 1/14, lililoanza kuuzwa katika miaka ya 1990, ni difu kweli, na springi ni majani ya chuma yanayopinda mzigo ukiingia.

Na mzigo unaingia. Hesabu za kipimo zina mambo yake. Urefu ukigawanywa kwa 14, uzito haugawanywi kwa 14 bali kwa 14 mara 14 mara 14, yaani 2,744. Semi ya tani 40 inakuwa kilo 14 na ushei, uzito wa mtungi wa gesi wa wastani. Mwendo nao una hesabu yake: kilomita 80 kwa saa zikigawanywa kwa 14 zinapungua hadi chini kidogo ya 6, mwendo wa mtu anayewahi ofisini. Ndiyo sababu mwenye lori la 1/14 hutembea nyuma yake rimoti mkononi bila kukimbia, na lori linaonekana sahihi. Vijana wapya hulibana mafuta mpaka mwisho, likakimbia mfano wa panya, na uzuri wote ukapotea palepale.

Jambo moja halikupungua hata kidogo kwa kugawanywa: kurudi nyuma na tela. Kila utingo aliyewahi kupewa usukani uani anajua kwamba ukitaka tela liende kushoto, kichwa kinaanza kwa kwenda kulia, na ukichelewa kurudisha usukani kichwa na tela vinakunjana kama kisu cha mfukoni. Kwa lori dogo ni vigumu zaidi, kwa sababu kitu kifupi hukunjana upesi kuliko kirefu, na dereva hana kioo cha pembeni. Amesimama mita tatu nyuma, kushoto kwake kukigeuka kulia kila lori linapomtazama. Ujerumani, ambako mchezo huu una wafuasi wengi, na ambako maonyesho ya Intermodellbau ya Dortmund hujaza kumbi, vilabu hujenga viwanja vyenye maghala, mizani na vijia vyembamba, na shughuli yote ya mchana ni kuingiza tela kwenye kizimba cha kupakulia bila kugusa ukuta. Hakuna mbio. Watazamaji hushangilia mtu aliyeegesha.

Nikirudi Japani, kuna tawi moja la mchezo huu ambalo mtu aliyezoea matatu za Nairobi atajisikia nyumbani mara moja. Kati ya 1975 na 1979 studio ya Toei ilitoa filamu kumi za mfululizo wa Torakku Yaro, zilizoongozwa na Norifumi Suzuki, Bunta Sugawara akiwa dereva mpenda ugomvi na mapenzi. Lori lake, Fuso iliyoitwa Ichibanboshi, lilikuwa na taa juu ya taa, bampa lililochomoza mbele, kibao juu ya paa, na ubavu mzima uliojaa michoro. Madereva wa kweli waliokuwa wakipamba malori yao hata kabla ya filamu wakapata jina na umaarufu, na mtindo huo ukaitwa dekotora. Aoshima, kampuni nyingine ya Shizuoka, ikauweka ndani ya boksi kwa kipimo cha 1/32, na bado inauza.

Dekotora ya plastiki ni mtihani wa subira. Taa zake ni nyingi kuliko za lori la kawaida mara kadhaa, na mjenzi makini hupitisha nyuzi za kupitishia mwanga au balbu za LED ndogo kuliko punje ya mchele, kila moja na waya wake, waya zote zikafichwa chini ya kitanda cha dereva. Mtu akikuambia ni ya kitoto, mwombe akuunganishie taa 30 bila kuchanganya chanya na hasi. Binafsi sizipendi sana. Macho yangu huchoka. Ila naheshimu wazo lililo nyuma yake, kwamba anayelala ndani ya lori siku nyingi za mwaka ana haki ya kuamua linafananaje.

Sasa tuje mezani, kwenye modeli za plastiki za 1/24 na 1/25, ambazo hazitembei popote na ndizo watu wengi huanza nazo. Italeri ya Italia na Revell ndizo zinazotoa malori ya Ulaya kwa kipimo cha 1/24: Scania, Volvo, MAN, Mercedes. Tela la Ulaya la mita 13.6 linakuwa sentimita 57 hivi, na hapo mke wa mtu huanza kuuliza litawekwa wapi.

Gundi ya kazi hii haigandishi, inayeyusha. Unagusisha vipande viwili, unapitisha brashi yenye kimiminika chepesi kwenye mwanya, nacho kinakimbia chenyewe ndani ya mwanya na kulainisha plastiki ya pande zote mbili hadi ziwe kitu kimoja. Ni uchomeleaji bila moto. Supaglu hutumika pale chuma kinapokutana na plastiki, lakini isikaribie vioo. Mvuke wake huganda kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe usiotoka. Kioo cha mbele hushikizwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Rangi ndiyo inayowatoa watu jasho. Tabaka la praima, la rangi na la vanishi kwa pamoja linaweza kufikia moja ya kumi ya milimita. Si kitu, utasema. Zidisha mara 24: ni zaidi ya milimita 2, sawa na kulisiliba lori la kweli kwa puti kutoka paa hadi ngazi. Mistari ya milango inazibika, nembo inavimba, na jicho linajua kuna kasoro hata kama mwenye jicho hawezi kuieleza. Basi watu hununua kompresa na bunduki ya kupulizia yenye tundu la sehemu ya milimita, wanaizimua rangi mpaka iwe nyepesi mithili ya maziwa, na kupulizia ukungu juu ya ukungu. Kabla ya hapo hupitisha ncha ya kisu kwenye kila mstari wa mlango ili uwe na kina cha akiba.

Hesabu hiyohiyo inahusu vumbi. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, ukiigandisha kwenye modeli ya 1/24, ni kokoto ya milimita 12. Nimeona modeli nzuri zilizoharibiwa na mchanga wa kweli kutoka nje ya nyumba, zikaonekana zimepita kwenye machimbo ya kokoto. Vumbi la modeli lazima liwe unga laini kabisa, wa rangi kavu au chaki iliyosagwa, unaopakwa kwa brashi laini na kushikizwa kwa tone la spiriti.

Kuhusu uchafu na kutu wajenzi wamegawanyika, na mimi nina upande. Kundi moja linataka lori la maonyesho, linalong'aa. Kundi la pili linataka lori lililochoka, na hilo ndilo ninaloliunga mkono, ila linanikera kwa kutochunguza. Mtu anajenga Scania ya juzi halafu anapaka kutu kwenye bampa. Bampa la Scania hiyo ni plastiki! Tangi lake la mafuta ni alumini! Kutu itatoka wapi? Lori la kazi huchakaa kwa mpango. Ngazi ya dereva hung'aa katikati kwa soli za viatu na kubaki na giza pembeni. Kuzunguka kifuniko cha tangi kuna doa la dizeli lililonasa vumbi. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi zilizoachwa na waipa, na pembe zake chafu. Na mahali pachafu kuliko pote ni mlango wa nyuma wa tela, si ubavuni wala mbele, kwa sababu hewa iliyopasuliwa hujizungusha nyuma ya tela na kulivuta vumbi lirudi juu ya mlango. Kila aliyefuata semi kwenye barabara ya vumbi amelimeza somo hilo, lakini modeli nyingi zina mlango wa nyuma safi.

Pale kutu inapostahili, kwenye chasisi na kwenye bodi ya tipa, kuna mbinu ya saluni. Unapaka kwanza rangi ya kutu, ikikauka unapulizia spray ya nywele, halafu juu yake rangi ya lori. Baadaye unalowesha brashi ngumu kwa maji na kusugua taratibu. Spray ya nywele huyeyuka, rangi ya juu inabanduka vipande vipande bila mpangilio, na kutu inachungulia pale bamba lilipogongwa na koleo. Ukichora mibanduko hiyo kwa mkono itakuja kwa mpangilio, na mpangilio ndio unaomfichua mwongo. Turubai nalo ni tishu ya kawaida iliyolowekwa kwenye gundi ya mbao na maji, ikatandazwa juu ya mzigo ikiwa mbichi. Hukauka na mikunjo yake yenyewe. Waya za breki hutolewa kwenye chaja ya simu iliyokufa. Siku hizi printa za kuchapa maumbo zimerahisisha mengi, mtu anachapa kebini nzima usiku akiwa amelala, ila bado msasa ni uleule.

Kwetu hakuna kampuni inayouza boksi la lori la Afrika Mashariki. Hiyo haina maana kwamba hatujengi. Vizazi na vizazi vya watoto wamekunja waya wa kufungia nondo wakatoa chasisi, wakakata ndala kuukuu kwa magurudumu, wakafunga kopo la mafuta ya kupikia liwe tangi, na kuunganisha usukani kwenye fimbo ndefu ili dereva aendeshe akiwa amesimama. Angalia vizuri lori la namna hiyo na utaona kwamba mtoto hakutengeneza lori tu. Kachagua. Kaweka ekseli ya tatu kwa sababu lori la mzee wa jirani lina ekseli tatu. Kaning'iniza kipande cha mpira wa baiskeli nyuma ya magurudumu, maana lori bila kizuia matope ni uchi. Hakuwa na boksi la kumwagiza, kwa hiyo alianza pale ambapo mvulana wa Ohio alifika baada ya maboksi sita.

Anayetaka kulijenga lori letu kwa plastiki ana kazi ya ziada inayoanzia kwenye usukani. Maboksi mengi ya Italeri na Revell ni ya malori ya bara la Ulaya, usukani kushoto. Kuuhamishia kulia si kuchomoa na kuchomeka. Dashibodi nzima inakatwa na kugeuzwa, pedali zinahama, kiti cha dereva chenye springi kinabadilishana nafasi na cha abiria, na waipa, ambazo hulala kufuata upande wa dereva, zinageuzwa zilale upande mwingine. Njia ya mkato inapitia Japani, ambako wanaendesha kushoto mwa barabara kama sisi. Fuso Super Great ya Aoshima inakuja na usukani mahali pake, ingawa kwa 1/32 ni ndogo. Unaacha mapambo yote ya dekotora kwenye kopo la mabaki, unajenga bodi ya mbao kwa vijiti vya aiskrimu vilivyopasuliwa vyembamba, kingo juu, minyororo nyuma, magunia ya mkaa ya udongo wa epoksi hadi juu ya kingo, turubai ya tishu, kamba ya uzi.

Halafu yanabaki maandishi, na hapa teknolojia inagoma. Stika za maji, zile zinazoteleza kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bodi, unaweza kuzichapa nyumbani kwa printa ya kawaida. Ila maandishi ya malori yetu mengi ni meupe au ya njano juu ya rangi iliyokolea, na printa ya nyumbani haina wino mweupe. Nyeupe yake ni karatasi yenyewe. Wengine huchapa rangi ya lori kuzunguka herufi juu ya stika nyeupe, kisha wanahangaika kuilinganisha na rangi ya kebini, na hailingani. Wengine hukata herufi kwenye tepu na kupulizia katikati. Lakini herufi ya sentimita 12 kwenye ubao wa mbele wa lori la kweli ni chini ya milimita 4 kwa kipimo cha 1/32, na tepu haikubali kukatwa hivyo bila kuchanika. Kwa hiyo waliokubuhu hushika brashi ya nywele chache, wanapumzisha kiganja juu ya kitabu, wanazuia pumzi, na kuandika kwa mkono kama waandishi wa vibao wanavyoandika mitaani. HASIDI HANA SABABU ni herufi 16. Ukiharibu ile ya mwisho, unafuta ubao wote kwa spiriti na kuanza tena kwenye H.